Jina la Kumi na Mbili

Abuku, Koboko
3 Februari 2024

Mpwa wangu Latifah,

Barua hii ikukute umeshiba, na ikikukuta na njaa, isome haraka ukale. Huku tuko wazima. Muhogo umekauka vizuri. Mama yako Asiya, pale Koboko mjini, bado ananiita mwongo mbele ya watu, kwa hiyo ujue afya ya dada yangu iko sawa.

Nimesikia redioni kwamba ile nyumba ya zamani ya wazungu kule Arua Hill imetengenezwa upya, na uwanja wake umekuwa bustani ya watu wote, na wewe, binti ya dada yangu, ndiye umeandikwa kazi ya kuwatembeza wageni. Nilikuwa katikati ya soko. Nikapiga kelele hadi watu wakadhani nimeibiwa.

Maana nyumba ile iko yetu! Aliyeijenga ni nani kama si Yakubu, babu yako, baba yangu mimi, fundi mwashi? Mwaka 1954. Pipa la saruji alilibeba kichwani kutoka chini hadi juu bila kupumzika, na juu ya pipa amekaa muzungu anasoma gazeti. Chui alimtokea pale kwenye msingi, akamchapa kwa mwiko mara moja tu, chui akakimbilia Kongo na hajaonekana tena. Gavana alipouona ukuta, alilia. Na mimi mwenyewe nyumba ile nimeingia mara nyingi nikiwa mdogo, napewa chai ya maziwa.

Sasa kazi yako iko moja. Jina la Babu likae ukutani. Nimeshawaambia watu wa msikiti na watu wa soko kwamba siku ya kufungua nitawaleta wote walisome. Lori limeshapatikana.

Mpe Yasiri majibu, yule anayepeleka muhogo Arua. Simu yangu imeanguka mahali ambapo mtu mzima hataji kwenye barua.

Mjomba wako,
Ramathan Yakubu


Arua
11 Februari 2024

Mjomba wangu Ramathan,

Salaam aleikum. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa barazani pa hiyo hiyo nyumba, na nimecheka hadi mlinzi akaja kuniangalia.

Imependeza, Mjomba. Mabati yamepakwa rangi nyekundu, madirisha ya mbao ya kijani, sakafu inang'aa kiasi kwamba wafagiaji wanatembea juu yake kama wezi. Baraza inazunguka pande tatu, na ukisimama kwenye ile ya mbele unauona mji wote na vilima vya Kongo nyuma yake. Chini ni bustani: nyasi, mabenchi, mibembea. Ufunguzi ni tarehe 20 Aprili, lakini watoto wa jirani wameshapata njia ya kupita chini ya seng'enge.

Sasa la jina. Kwenye ukuta wa baraza patakuwa na majina ya mafundi walioijenga. Yametoka kwenye daftari la zamani la ujenzi. Ni kumi na moja. Nimeyasoma mara nne. Babu hayumo.

Nimeiambia kamati kwamba babu yangu alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti, Mzee Drani, hakukataa. Alisema, "Binti, maneno ya mdomoni hayakai kwenye faili. Lete karatasi." Kama cheti cha kazi hakipo, basi yaandikwe maelezo ya mtu wa familia anayejua, nayo yapimwe na yale tunayoyaona kwenye nyumba. Kwa hiyo andika, Mjomba. Andika yale tu unayoyajua kweli.

Kuna kazi kidogo tu imebaki. Nyuma ya nyumba kuna stoo moja mbaya, imepinda peke yake kama jino lililoota vibaya. Injinia Acidri anasema ardhi ilititia, au fundi alikuwa amelewa. Watu wa bustani wanahitaji vyoo, kwa hiyo itabomolewa Jumatatu tarehe 25 Machi. Baada ya hapo mchoraji ataandika majina.

Mpwa wako,
Latifah


Abuku
17 Februari 2024

KWA KAMATI TUKUFU YA NYUMBA, MLIMANI, ARUA

Waheshimiwa,

Cheti cha baba yangu kilichukuliwa na mto Kaya mwaka 1980, tulipokuwa tunakimbilia Sudan, na anayekitaka amwulize mamba. Mimi iko hai, kwa hiyo niulizeni mimi.

Yakubu ndiye alikuwa mkubwa wa mafundi wote. Muzungu alikuwa hapimi kitu bila kumwuliza. Siku moja timazi ya kunyooshea ukuta ilipotea, Yakubu akatema mate kutoka juu ya ukuta, mate yakanyooka hadi chini, wakajenga kwa kufuata mate. Kwa siku moja aliweka matofali elfu tatu, na jioni akacheza mpira.

Nyumba hiyo naijua ndani na nje. Ukiingia iko ngazi kubwa ya mbao kwenda ghorofani, na huko ghorofani ndipo nilipewa chai. Malkia alisikia habari za ngazi hiyo akataka apelekewe, ila haikuenea kwenye meli.

Baba yangu aliondoka pale na medali ya shaba na barua ya shukrani yenye mihuri mitatu. Nayo imechukuliwa na mto huo huo.

Nawasalimu kwa heshima, na jina liandikwe kwa herufi kubwa.

Ramathan bin Yakubu, mtoto wa fundi mkuu


Arua
2 Machi 2024

Mjomba,

Nimekaa wiki mbili nikitafuta namna ya kuandika barua hii. Nilitaka kukwambia kamati bado inafikiri. Si kweli. Imeshafikiri.

Madamu Ocokoru, katibu, aliyasoma maelezo yako kwa sauti. Alipofika kwenye mate, Mzee Drani alivua miwani akafuta macho. Kwenye Malkia, Injinia Acidri alitoka nje kabisa. Walicheka, Mjomba, na mimi nilicheka pamoja nao. Nisamehe. Kisha kicheko kikaisha, Madamu Ocokoru akaniuliza polepole, "Latifah, mwanangu, nyumba yenu hii ina ghorofa?"

Haina. Ni ya chini tu, haijawahi kuwa na ngazi yoyote zaidi ya zile tatu za barazani.

Mimi ndiye niliyesema mbele yao kwamba mjomba wangu anajua. Sasa nikipita na faili mkononi wananiuliza kama kuna habari mpya za chui.

Umewahi kuingia nyumba hii, Mjomba? Na Babu, aliijenga kweli? Nauliza kwa sababu nimelala na swali hili siku nyingi, na sasa sijui ni kipi katika hadithi zote ulizonilea nazo ninachoweza kukisimamia mbele ya watu.

Kamati itakaa mara ya mwisho Jumamosi tarehe 23. Kama kuna jambo moja la kweli, moja tu, liandike. Kama halipo, waambie watu wa lori wasije.

Latifah


Arua
14 Machi 2024

Mjomba,

Yasiri amerudi mikono mitupu mara ya pili. Anasema siku hizi hukai sokoni, na watu wakikuuliza habari za safari unasema unaharakisha kwenda shamba, ukiwa huna jembe. Ramadhani njema. Nina wasiwasi juu yako kuliko juu ya jina.

Latifah


Abuku
18 Machi 2024

Latifah, mwanangu,

Leo ni mfungo wa nane. Nimefunga, na mtu aliyefunga akisema uongo amejitesa njaa bure, kwa hiyo naandika mchana, kabla sijala.

Nyumba ile sijawahi kuingia. Hata mlima wenyewe sijapanda. Baba alitukataza. Nikienda Arua nilikuwa nautazama kutoka chini, narudi.

Lakini aliijenga. Hilo nililisikia kwa mdomo wake, ng'ambo ya mto Kaya, mwaka 1981, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, nimeacha shule darasa la nne kwa sababu ya vita. Tulikuwa tunajenga kibanda cha ukimbizi. Kabla hajapigilia hata kigingi kimoja, Baba alisimama, akatafuta kibla, ndipo akavuta kamba. Nikamwuliza, Baba, hiki si msikiti, ni kibanda cha kulala, kibla ya nini? Asiya alikuwa kando anasaga mtama. Baba akakaa juu ya matofali akatuambia.

Mlimani walikuwa mafundi kumi na wawili. Nyumba kubwa ilikuwa imekwisha, ilibaki stoo ya nyuma. Muzungu wa ujenzi akashikwa na homa, akapelekwa hospitali ya Kuluva, akalala huko wiki mbili. Aliacha vigingi na kamba, na akamwachia Yakubu kazi. Mvua ikanyesha, ng'ombe wakapita, vigingi vikang'oka. Baba hakujua kusoma ile karatasi ya ramani. Wengine wakasema tungoje. Baba akasema, mstari ninao. Tangu utotoni alikuwa amejenga na baba yake misikiti ya watu wetu, na kwake yeye ukuta unaanzia mahali pamoja tu. Akasimama, akatafuta kibla, akavuta kamba, akajenga.

Muzungu akarudi, bado mweupe kwa homa, akaona stoo imeupa mgongo mstari wa nyumba yake. Akatukana. Akasema, mwashi asiyejua mstari ulionyooka hana kazi hapa. Baba akamjibu, "Bwana, katika mistari yote ninayoijua, huu ndio ulionyooka kuliko yote." Akafukuzwa siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake. Stoo ikaachwa kwa sababu mabati yalishafika na mvua zilikuwa juu. Hakuna medali. Alishuka mlima na mwiko wake. Wale kumi na mmoja walipewa barua za shukrani, na yeye akarudi Koboko akawaambia watu kwamba kazi ilimchosha.

Alitukataza tusimwambie mtu. Asiya amenyamaza, ndivyo alivyotii. Mimi kunyamaza siwezi, unanijua. Pale penye aibu nikaweka chui, nikaweka Gavana, nikaweka pipa, ili mtu asiulize mbona Yakubu hakumaliza kazi.

Ile stoo unayosema imepinda kama jino: baba yangu hakulewa siku hata moja maishani mwake. Waambie wapime. Mtu yeyote mwenye kuswali anaweza kuwaonyesha inaelekea wapi.

Mama yako atakasirika. Mwache kwangu.

Ramathan


Arua
26 Machi 2024

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Kaa chini kwanza.

Jumamosi niliisoma barua yako mbele ya kamati. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, Injinia Acidri akasema, "Lakini ile imepinda tu, ardhi..." akaishia hapo. Akatoka. Sisi sote tukamfuata nyuma ya nyumba, Mzee Drani na fimbo yake, Madamu Ocokoru kashika viatu mkononi kwa ajili ya matope. Injinia akaweka simu yake juu ya ukuta, dira ikazunguka, ikatulia. Kaskazini, ikilalia mashariki. Yasiri alikuwapo amekuja kuchukua majibu. Nikamwambia, "Yasiri, wewe ungeswali hapa ungeelekea wapi?" Hakuangalia simu ya mtu. Aliangalia jua, akaangalia kivuli cha Mzee Drani, akasimama. Mgongo wake na ukuta wa stoo ukawa kitu kimoja.

Acidri, ambaye ni Mkatoliki na mbishi kuliko wewe, akasema, "Huyu mtu hakukosea hata kidole. Mimi ndiye niliyekuwa nimelewa."

Kisha Mzee Drani akaomba daftari. Kumbuka yalikuwa majina kumi na moja. Chini ya la kumi na moja kuna doa la wino, zito, tulilodhani ni wino uliomwagika. Madamu Ocokoru akaigeuza karatasi, akaiinua kwenye jua. Kwa nyuma kalamu ilikuwa imekandamiza sana. Alisoma herufi moja moja: Yakubu, mwashi. Na pembeni, kwa mwandiko mwingine: amefukuzwa, stoo imepinda.

Nilikaa chini kwenye nyasi, Mjomba. Sikujali gauni.

Stoo haibomolewi. Vyoo vinapelekwa upande wa lango. Babu ni jina la kumi na mbili. Limebaki swali moja, na kamati imetuachia sisi: ukutani tuandike "Yakubu, mwashi" tu, kama wenzake, au tuandike yote, kwamba alifukuzwa na kwa nini? Mama nimempigia. Akasema, "Ramathan amefungua mdomo," akakata. Baadaye akapiga tena kusema: jina tu, mengine muyaache.

Mchoraji anaanza tarehe 5. Uamuzi uwe wenu wawili.

Latifah


Abuku
1 Aprili 2024

Latifah,

Nimefuturu kwa mama yako. Alinipa uji bila sukari, na sukari iko mezani, imefunikwa. Nikaunywa wote. Nikamwambia: Asiya, ukiandika jina tu, Baba anakuwa mmoja wa kumi na wawili, na ile stoo inabaki ya mlevi. Wageni wataiona, watacheka, hawatajua. Akasema, alitukataza. Nikasema, alitukataza kwa sababu alifukuzwa hadi akadhani amekosea. Amekufa akidhani amekosea. Nani sasa atamwambia hakukosea, kama si huo ukuta?

Akaifunua ile sukari, akaisukuma kuja upande wangu.

Andikeni yote.

Ramathan


Abuku
23 Aprili 2024

Mpwa wangu Latifah, mwenye nyumba,

Siku ya Jumamosi ulikuwa na wageni wa serikali, hukuona kila kitu, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea upande wetu. Tulikuja watu mia mbili. Sawa, arobaini na sita, na dereva. Lakini kelele ilikuwa ya mia mbili.

Nilipanda mlima ule kwa miguu yangu. Lori lilitaka kutufikisha langoni, nikalikataa, nikashuka chini, nikapanda. Wote wakashuka wakanifuata, hata bibi Daisy wa jirani ambaye si wa dini yetu wala wa ukoo wetu, amekuja kwa sababu ya mibembea, na alibembea, nimemwona, kilemba kikaruka.

Bustani ile! Nimewaambia watu wa soko nyasi zake ni laini kiasi kwamba mbuzi akiingia atavua kwato. Na nyumba, ngazi zake tatu nimezihesabu kwa miguu, moja, mbili, tatu, na huko ghorofani nimeamua nisiende.

Pale ukutani mama yako alitangulia. Yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akateremka, hana haraka, watu nyuma wanasukumana, mimi nawazuia kwa mgongo. La kumi na moja. La kumi na mbili. Akasoma kwa sauti, yote: "Yakubu, mwashi wa Koboko. Alifukuzwa kwa kuijenga stoo kwa mstari wa kibla. Stoo imesimama." Mzee mmoja wa Arua, Dramadri, simjui, akauliza nyuma yangu, "Huyo aliyefukuzwa ni wa nani?" Nikageuka, Latifah. Miaka arobaini na tatu nilikuwa naliogopa swali hilo. Nikamjibu kwa sauti ile niliyoitoa sokoni siku ya redio: "WANGU!"

Mama yako akapapasa zile herufi kama unavyopapasa paji la mtoto mwenye homa, akasema, "Haya, Baba. Umerudi kazini."

Kisha tukazunguka nyuma. Pale mlango wa stoo Asiya akavua viatu. Mlinzi akamwambia, "Mama, hapa si lazima." Asiya akamtazama tu. Mlinzi akavua vyake. Basi ikawa hivyo, mmoja baada ya mwingine, wa msikitini na wa kanisani, watoto wa shule, Mzee Drani akishikwa mkono, Injinia Acidri na soksi yenye dirisha kwenye kidole gumba. Tuliingia kwa zamu, maana ni stoo, si uwanja. Niliswali rakaa mbili. Sikugeuza mwili hata kidogo. Nilisimama sambamba na ukuta kama ulivyo, nikawa nimeelekea ninapotakiwa.

Sasa iko jambo moja dogo. Pale mlangoni viatu vilikuwa kama mlima wa pili wa Arua, na mimi nilitoka macho yamejaa, sioni vizuri. Nimefika Abuku nikakuta nimevaa buti za ngozi, nzito, zina jina la Acidri ndani. Zimenitosha kabisa. Jana nilipita nazo sokoni mara tano, na kila aliyeuliza nimemwambia ukweli mtupu: nimevaa buti za injinia aliyeshindwa na baba yangu.

Kandambili zangu, za bluu, ya kushoto ina uzi, atakuwa nazo yeye. Mwambie asizitupe. Nitakuja Ijumaa kubadilishana, asitume mtu. Napanda mwenyewe.

Mjomba wako,
Ramathan, mtoto wa Yakubu aliyefukuzwa